Dozi Moja Tuliigawana Watano

Nina umri wa miaka thelathini na mbili. Sina mke, sina mtoto, na kwa jinsi ninavyouona mwili wangu unavyokwenda, sitarajii kuongeza miaka mingi juu ya hiyo. Mimi ni mkulima wa tumbaku katika kijiji kimoja kusini mwa Tabora. Niiteni Kasanda, inatosha.

Nimesoma mikasa mingi ya wasomaji wenzangu katika ukurasa huu. Karibu kila mara anayeandika ndiye aliyeonewa. Amesalitiwa, ameachwa, amenyang'anywa mchumba... Huu wangu haufanani na hiyo. Mimi ndiye niliyesaliti. Anayetafuta mtu wa kumhurumia aruke ukurasa, simlazimishi.

Wakati haya yanaanza nilikuwa na miaka ishirini na tatu. Ilikuwa ile miaka ya shida ambayo wenzangu wa umri huu hamjaisahau. Sabuni hakuna, sukari hakuna, kanga ni za kusimuliwa! Kijiji chetu kilikuwa cha ujamaa, nyumba zimepangwa mstari kama tulivyoagizwa, na kitu chochote kilichofika kwenye duka la kijiji kiligawanywa kwa mgao. Mgawaji nilikuwa mimi.

Msinicheke, lakini nilikuwa hodari wa kugawa. Mche wa sabuni niliukata kwa uzi ili visipotee hata vipande vidogo. Sukari niliipima kwa kikombe cha bati na kuisawazisha juu kwa kijiti. Mama yangu mzazi alipata sawasawa na jirani yake ambaye walikuwa hawasalimiani. Mwenyekiti wa kijiji alinisifu mkutanoni, mbele ya watu wote, kwamba vijana wote wangekuwa kama mimi tungefika mbali. Kichwa kilivimba, nakiri.

Mwaka huohuo nilimuoa Kalunde. Alikuwa na miaka kumi na tisa, binti wa familia ya Kimoraviani kutoka upande wa Sikonge. Mpole wa maneno, lakini shambani hakuna aliyemshinda. Hakuwahi kukanyaga shule. Ndoa ikiwa na miezi miwili tu akajiandikisha kwenye kisomo cha watu wazima, jioni, pale ofisi ya kijiji. Nilimtania kwamba atajifunza kuandika jina lake kisha atachoka. Alicheka tu, akachukua daftari lake akaenda.

Nilimpenda. Nalisema hili waziwazi kwa sababu baada ya kusoma yanayofuata hamtaamini.

Sasa, wanaolima tumbaku wanajua. Majani yakishachumwa na kukaushwa kwenye bani, ile nyumba yetu ya kukaushia kwa moto, hufungwa marobota na kupelekwa mjini kungoja kupangiwa madaraja. Kungoja huko kulikuwa kurefu. Kijiji chetu kilikuwa na kawaida ya kutuma vijana watano wakae na marobota yetu, ili robota zuri lisije likabadilishwa na bovu. Mwaka ule walituchagua mimi na rafiki yangu wa tangu utotoni, Shija, pamoja na Jumanne, Luhende na mwenzetu mmoja ambaye siku hizi amehamia Mpanda na sijui habari zake.

Tulikaa mjini wiki sita. Tulipanga chumba kimoja Ipuli, watu watano. Mchana tulikaa juu ya marobota tukicheza bao, jioni tulikwenda kunywa pombe. Ndoa yangu ilikuwa na miezi minne! Wiki ya kwanza nilikunywa nikarudi kulala. Wiki ya pili Shija akanicheka kwamba nimefungwa kamba na mke. Wiki ya tatu nilikuwa na mwanamke wangu pale mtaani, kama wenzangu walivyokuwa na wao. Nasema "wangu", "wao"... Baadaye nilikuja kujua kwamba tulikuwa tunajidanganya kwa maneno hayo. Wanawake wale siwalaumu. Hakuna aliyenishika mkono akanivuta.

Tulirudi kijijini tukiimba. Siku ya tatu nilikwenda haja ndogo nyuma ya bani, nikahisi kama nakojoa pilipili. Asubuhi yake nikaona usaha. Nilikaa chini palepale kwenye majani.

Nilidhani ni mimi peke yangu. Kumbe wote watano! Tulijuana kwa mwendo tu, kila mtu anatembea amejipanua kidogo. Jumanne ndiye aliyeanza kucheka, nasi tukacheka, na katika kucheka huko hofu ikatupungua. Kisonono, tukasema, ugonjwa wa wanaume. Eti hujawa mwanamume kamili mpaka ukuwashe mara moja! Ndivyo tulivyokuwa tunaambiana.

Kwa nini hatukwenda zahanati? Zahanati yetu ilikuwa na benchi moja nje, na aliyekaa pale kila apitaye alimuona. Mama mmoja aliyekuwa akiandika wagonjwa alikuwa shangazi yake Kalunde. Dawa nazo zilikuwa zinaisha kabla mwezi haujafika katikati. Na juu ya hayo yote, bwana mganga wa zahanati alikuwa na sharti lake ambalo hakulegeza kwa mtu yeyote: mwenye ugonjwa wa zinaa aje na mwenzake. Mimi nikamlete Kalunde? Nimwambie nini njiani?

Shija ndiye aliyetuokoa, au ndivyo tulivyoona. Alikuwa na shemeji yake mjini, akarudi na dozi nzima ya vile vidonge vya rangi mbili, nusu nyekundu nusu nyeusi, vimefungwa kwenye karatasi. Vilikuwa ishirini. Dozi ya mtu mmoja.

Tulikutana ndani ya bani langu, saa tisa mchana. Shija akaiweka ile karatasi mbele yangu. "Gawa, bwana mgao," akasema.

Luhende akauliza kama dozi hiyo si ya mtu mmoja. Hakuuliza kwa ubaya, aliuliza tu, maana alikuwa mtu wa kuulizauliza. Jumanne akaruka, "Huyu anataka kuwa bepari huyu! Apone yeye, sisi tuoze?" Tulicheka mpaka machozi. Nami nikagawa. Vinne, vinne, vinne, vinne, vinne... Hakikubaki hata kimoja, wala hakuna aliyepunjwa. Mnaelewa ninachowaambia? Nilijisikia vizuri! Nilijiona nimetenda haki.

Luhende alichukua vinne vyake, akavimeza, na kesho yake akaenda kukaa kwenye lile benchi la zahanati. Tulimcheka msimu mzima. Alichomwa sindano siku kadhaa mfululizo, akakatazwa pombe, akaambiwa akamlete na yule mwanamke wa Ipuli kama anampata. Na kweli alimfuata, akampeleka hospitali ya mjini! Tulimwita kila jina.

Sisi wanne usaha ulikauka siku ya pili. Maumivu yakaisha. Tukaona dawa ni ile, Luhende ni mwoga. Kwa siku nne nzima sikumgusa mke wangu, nikisingizia uchovu wa safari, na kwa siku nne hizo nilijiona mume mwema. Siku ya tano...

Msimu uliofuata ulipoanza, Kalunde akaanza kulalamika tumbo la chini. Lilimuuma akiinama kupalilia, lilimuuma akinyanyua ndoo. Mara anapata homa, mara inatulia. Nami wakati huohuo nikaona ule uchafu umerudi, kidogo, asubuhi tu. Nilipata akili kiasi cha kuogopa, lakini sikupata akili kiasi cha kusema. Nikaaga kwamba naenda mjini kufuatilia mbolea. Nikaenda hospitali, mahali ambapo hakuna anijuaye.

Pale walinitibu vizuri. Wakanipa na karatasi ndogo imeandikwa kwa mkono, kwa herufi kubwa, kwamba mke wa huyu aje atibiwe haraka, hata kama hajisikii kuumwa, na aje na mumewe. Muuguzi alinitazama usoni akaniambia, "Usipomleta umefanya kazi bure. Atakurudishia, na yeye ataharibika kizazi. Unanisikia, baba?"

Nikamjibu nimesikia. Nikatoka, nikaikunja ile karatasi mara nne, nikaiingiza kwenye bitana ya koti langu iliyokuwa imefumuka. Hata sikuona haja ya kuichana. Mke wangu hajui kusoma, nikajisemea.

Wiki ileile Kalunde aliniomba nimsindikize hospitali. Nakumbuka vizuri, alikuwa amesimama mlangoni mwa bani, ameshika ubavu. Akasema, "Baba Fulani, tumbo hili limenishinda. Twende wote." Alikuwa ananiita Baba Fulani kwa sababu mtoto hatujampata bado, akingoja jina la kuweka hapo. Nikamwambia moto wa bani hauachwi, majani ya kwanza ya msimu yataungua, aende peke yake zahanati akaombe aspirini. Alinitazama, kisha akaondoka.

Basi mwaka ukapita, wa pili ukapita. Mtoto hakuna. Mama yangu akaanza. Mwanzoni yalikuwa maneno ya pembeni, kwamba wenzake walioolewa pamoja naye wanabeba wa pili. Baadaye akayasema mbele ya watu, kwamba nimeoa shamba lisiloota. Akampeleka kwa mganga wa kienyeji, akachanjwa chale tumboni, akapewa mizizi ya kuchemsha. Dawa chungu ile! Nilikuwa namuona akiinywa kila asubuhi, amefumba macho, mkono mmoja ameshika ukuta. Mimi nimekaa kwenye kigoda, nakunywa uji wangu. Mtu pekee duniani aliyejua kwamba mizizi ile haina kazi.

Nilinyamaza! Ningesema neno moja tu, mama angemwacha. Babu zetu walisifiwa njia nzima hadi pwani kwa kubeba mizigo ya watu vichwani. Mimi mjukuu wao nilishindwa hata kubeba wangu, nikamtwika msichana wa Sikonge.

Mjini niliendelea kwenda na marobota kila msimu. Luhende alikataa kwenda tena. Mimi, Shija na Jumanne hatukukosa. Na msimu wa tatu tulirudi na kitu kingine, vile vidonda vya sehemu za siri ambavyo watu huviita pangusa. Vinauma, vinatoa maji, na mtoki unavimba kwenye kinena hadi unachechemea. Safari hii tulijiona wataalamu. Tulifungua vidonge vya rangi mbili, tukanyunyiza ule unga juu ya kidonda. Kikikauka juu tunasema kimepona. Kikirudi tunanyunyiza tena. Hata jirani zetu vijana walikuwa wanakuja kutuuliza, nasi tunawafundisha! Wavulana wa miaka kumi na saba, kumi na minane... Mungu anisamehe, niliwafundisha wengi.

Wakati huo redioni walishaanza kutaja ule ugonjwa mpya usio na dawa. Sisi tulisema ni wa watu wa mipakani, wenye magendo na magari. Tumbaku na Ukimwi wapi na wapi? Shija alikuwa na mzaha wake kwamba kama ugonjwa huo ungekuwa wa kweli, basi ungeanza na yeye. Tulikuwa tunacheka.

Ukaanza na Jumanne. Yule mcheshi wetu alikonda akawa kama fito. Nywele zikalegea, kikohozi, kuhara miezi. Ndugu zake wakasema amerogwa kwa sababu tumbaku yake ilipata daraja la juu. Tulimzika mwanzo wa masika. Shija na mimi tulichimba kaburi, na tukiwa ndani ya shimo tuliangaliana. Shija akashika jembe, akaendelea kuchimba.

Mwaka uliofuata Kalunde alitokwa na mkanda wa jeshi, malengelenge yaliyomzunguka kiuno upande mmoja. Kisha kifua kikamshika. Mwanamke aliyekuwa akininyang'anya jembe shambani akawa anapumzika mara mbili kutoka jikoni hadi mlangoni. Safari hii sikusema moto wa bani. Nilimpakia kwenye tela la trekta la kijiji, nikamshika kichwa mapajani njia nzima, tukapita Kipalapala watu wakitutazama, tukafika hospitali ya mjini.

Daktari alikuwa kijana, karibu umri wangu. Alimsikiliza kifua, akamtazama kiuno, akaanza kuniuliza maswali ya kunihusu mimi badala ya kumhusu yeye. Nilipoona kalamu yake inangoja, nikamwambia yote. Ipuli, usaha, vidonge vinne, karatasi, pangusa, ule unga. Ilikuwa mara ya kwanza kuyasema kwa sauti. Alituchukua damu wote wawili. Majibu yalichukua wiki kadhaa. Wote wawili tulikuwa nao.

Nikamuuliza kwa nini Jumanne, kwa nini sisi, wakati Luhende naye alilala chumba kilekile, akanywa pombe ileile, na ana watoto wanne wanaomrukia mgongoni.

Aliniuliza kwanza kazi yangu. Nikamwambia nakausha tumbaku. "Basi utanielewa," akasema. "Bani lako likiwa na ufa, hata ufunge mlango, hewa si inaingia? Kidonda ni ufa. Kisonono nacho kinachubua ndani usikoona. Kirusi hiki kinaweza kumpata hata mtu asiye na kidonda, usije ukawadanganya watu. Lakini mwenye ugonjwa wa zinaa usiotibiwa kinamuingia kwa urahisi zaidi, na akiwa nacho anamwambukiza mwenzake kwa urahisi zaidi. Ninyi mlikaa na nyufa miaka mingapi? Na mkeo umemwacha nazo miaka mingapi?"

Nikasema vidonge vilitusaidia, maumivu yaliisha. Akatikisa kichwa. Akasema vile vinne vinne havikuua ugonjwa, vilitunyamazisha sisi. Kama nisingegawa, angalau mmoja wetu angepona, na wanne wangeumia mpaka aibu iwaishe waende zahanati. Mgao wangu wa haki!

Nilikwenda wodini kumwambia Kalunde. Ilikuwa mchana, wagonjwa wenzake wamelala. Nilikuwa nimepanga maneno, nianze na Ipuli... Nikafungua mdomo. Akaniwekea mkono wake mdomoni.

"Karatasi ya kwenye koti," akasema.

Sikuelewa.

"Nilikuwa nafua koti lako. Nikaisoma. Ilinichukua siku nzima, ilikuwa na maneno marefu, lakini niliisoma yote. Ndiyo kitu cha kwanza nilichosoma peke yangu bila mwalimu."

Nilimuuliza lini. Akaniambia ni wiki ileile niliyoileta. Alikwenda nayo zahanati kabla hajanifuata bani, akaambiwa arudi na mumewe kama ilivyoandikwa. Ndipo akaja kuniomba nimsindikize.

"Nikasema huyu ataniambia mwenyewe," akasema. "Leo hataki, kesho ataniambia. Nikairudisha mahali pake ili ukitaka kunionyesha uikute."

Miaka! Alikunywa ile mizizi miaka, akitukanwa na mama yangu, naye anajua! Angeweza kuinyanyua ile karatasi mbele ya ukoo mzima akanivua nguo. Hakunivua. Nilimuuliza kwa nini hakunisema. Akageukia ukutani, akasema ameshachoka, nimuache alale.

Hakunitukana hata neno moja mpaka mwisho. Wengine mtasema hiyo ni heri. Si heri, wasomaji wenzangu. Angenitukana ningepata la kujibu.

Aliomba arudishwe kwao, hakutaka kufia nyumbani kwangu. Alikaa kwao miezi mitatu. Nilikwenda kila juma kwa baiskeli, na kila juma alinipokea salamu, akauliza habari za mama, kisha akafumba macho nikakaa na baba yake nje. Tulipomzika, mama yake alinishika mikono akaniuliza, "Mwanangu, mwenzio alikuwa anaumwa nini hasa?" Na mimi, mbele ya kaburi bichi, nikamjibu kwamba ni kifua tu, mama. Ndivyo nilivyokuwa! Hata pale nilikuwa bado nadanganya.

Mwaka haujaisha mama yangu akaanza kunitafutia mke. Akasema marehemu alikuwa tasa, sasa nipate wa kunizalia. Nikadhani atachoka. Hakuchoka. Siku moja narudi shambani nakuta wazee wawili wamekaa uani na soda mbele yao, wametoka kijiji cha pili, na mama amevaa kanga mpya. Posa imekwishapelekwa, imekwishakubaliwa! Binti wa miaka kumi na tisa, amemaliza darasa la saba, anaimba kwaya. Baba yake alinyanyuka akanipa mkono akaniita mkwe.

Umri uleule. Nilikuwa kama namuona Kalunde mlangoni na daftari lake.

"Shikamoo, baba," nikamwambia. Akaitikia marahaba. Nikamwambia akae, nina neno. Nikasema yote palepale, mama akiwa amesimama na sinia. Kwamba nina Ukimwi. Kwamba mke wangu aliufia, na niliyempa ni mimi. Kwamba hakuwa tasa, kizazi chake nilikiharibu mimi kwa ugonjwa niliouficha. Sinia lilianguka. Baba wa binti akanishukuru kwa sauti ndogo, akasema nimemuokolea mtoto. Mama yangu alipiga yowe. Tangu siku hiyo ananiwekea chakula changu kwenye sahani ya peke yake, naye anakwenda kula kwa jirani.

Nilijidanganya kwamba angalau hapo nimefanya jambo moja jema maishani. Kama mkasa ungeishia hapo, nisingeandika.

Miezi miwili baadaye nikasikia yule binti ameposwa tena. Aliyemposa ni Shija.

Nilikwenda kwake mbio. Nilimkuta anapaka baiskeli yake mafuta, amenawiri, shati jeupe. Nikamkumbusha Ipuli. Nikamkumbusha pangusa, Jumanne, na tulivyoangaliana kule shimoni. Nikamsihi akapime damu kwanza, mimi mwenyewe nitamsindikiza. Alijipiga kifuani. "Niangalie," akasema. "Mgonjwa anakuwa na mwili huu? Wewe umekosa sasa unataka wote tukose." Nikamuuliza kile kidonda chake cha mwisho alikitibu wapi. Akanifukuza uani kwake mbele ya watoto wa ndugu yake.

Nikaenda kwa yule mzee aliyenishukuru. Hakunikaribisha ndani. Aliniambia anaheshimu ukweli niliomwambia wa kwangu, lakini huu wa mtu mwingine ni wivu. Shija ni kijana mwenye afya, kila mtu anamuona. Nikaenda zahanati, bwana mganga akaniambia hawezi kumshika mtu kwa nguvu kumtoa damu, wala siri za wagonjwa hawezi kuzitangaza. Ndoa ilifungwa Jumamosi. Ngoma zao nilizisikia nikiwa shambani napanda miche.

Juzijuzi nilikutana na yule binti kisimani. Ameshakuwa na miezi mitano ya ndoa. Alipiga goti kidogo akanisalimu, "Shikamoo, shemeji." Kisha akasita. Akaniuliza, kwa aibu, kama ni kweli zamani nilikuwa nafahamu mambo ya dawa. Tumbo la chini linamuuma, anapata homa, na mumewe anamwambia ni mambo ya kawaida ya wanawake walioolewa.

Nilimwambia aende hospitali ya mjini siku ileile. Nikamwambia ni ugonjwa gani na umetoka wapi. Nadhani nilipaza sauti. Alijitwika ndoo haraka, maji yakimwagika begani, akaondoka bila kugeuka. Siku hizi akiniona mbali anapita njia ya shamba.

Vijana, mimi sina la kupoteza tena, kwa hiyo nisikilizeni. Ukiona usaha, ukiona kidonda, hata kama hakiumi, hata kama kimekauka chenyewe, nenda! Kaa kwenye hilo benchi, wakucheke. Luhende walimcheka. Dozi ni ya mtu mmoja, imalize hata kama umepona siku ya pili, wala usimmegee rafiki yako hata kama mmekua pamoja. Na mwenzio mwambie. Mwambie leo, akukasirikie, akurushie sufuria, arudi kwao kama anataka, lakini arudi akiwa ametibiwa. Kijana mwenye kisonono cha siri anajiona ana ugonjwa mdogo. Hajui anauandalia nafasi ule mkubwa.

Nawe binti wa kwaya, najua unasoma gazeti hili, shangazi yako hukuletea kutoka mjini. Jina lako nimelificha ili usiaibike. Huna sababu ya kuniamini, mimi ni mtu niliyemdanganya mama wa marehemu kaburini. Lakini mume wako hatakuambia. Namjua tangu utotoni, na najua mimi nilivyokuwa. Usimsubiri. Chukua kanga yako, nenda peke yako, na wakikwambia urudi na mumeo, kataa kutoka mpaka wakutibu.